Dondoo muhimu: Ukipata kazi kituo cha samoni, Alaska

Kituo cha Little Port Walter, katika kisiwa cha Baranof, hufikiwa kwa boti au ndege ya kutua majini tu, na mvua yake hupita milimita 5,000 kwa mwaka. Nunua koti la mvua la wavuvi. La mjini halitakufaa kitu.

Kazi yenyewe ni ya mikono. Samoni mchanga huleweshwa kwa dawa, hukatwa pezi dogo la mgongoni lililo karibu na mkia, kisha hupachikwa puani kipande cha waya chenye namba, kifupi kuliko punje ya mchele. Lowanisha mikono kabla ya kumshika, la sivyo utamwondolea ute unaomkinga na maradhi. Andika namba papo hapo, tena kwa penseli.

Dubu nao huja mtoni kula samoni. Usiende peke yako.