Mashine Haikukataa: Makosa Katika Kuchora Ramani ya Nyumba kwa Kompyuta

Wenzangu wengi, wakishindwa kuchora nyumba kwa kompyuta, husema, "Mashine imekataa." Nami nilikuwa nikisema hivyo hivyo, mpaka likizo ya kiangazi iliyopita huko kwetu Muyinga, nilipokaribia kumtia mjomba wangu hasara ya msingi mzima. Tangu nirudi shuleni hapa Gitega nimeulizwa mara nyingi juu ya mambo haya, na wenzangu wa darasa na pia wanafunzi wa zamani ambao sasa wanajenga makwao. Basi nimeona heri niandike somo moja kwa wote.

Programu nitakayoizungumza ni Sweet Home 3D. Ilianza kutolewa mwaka 2006, na aliyeitunga ni Mfaransa, Emmanuel Puybaret. Sababu ya kuichagua ni nyepesi: haiuzwi, yaweza kuandika maneno yake kwa Kifaransa, na hufanya kazi hata katika kompyuta ya zamani kidogo. Unachora kuta juu ya ramani iliyo bapa, na chini yake unaiona nyumba imesimama kama uitazamavyo kwa macho. Uzuri huo wa kuiona nyumba imesimama ndio uliotupoteza, kama nitakavyoeleza.

Mjomba alitaka nyumba ya matofali. Upande mmoja wa nyumba ulikuwa na vyumba viwili vya watoto vilivyo ubavu kwa ubavu, na upana wa vyote viwili, kutoka nje hata nje, haukuweza kuzidi meta 6, kwa kuwa huku kuna njia na huku kuna ukuta wa jirani. Nilichora usiku mmoja tu. Kila chumba nikakitia vitanda viwili vyenye upana wa sentimita 90, kimoja ukuta huu na kimoja ukuta ule, na mlango wa sentimita 80 katikati yao. Mjomba akaona vitanda, mashuka ya buluu na taa juu ya meza, akafurahi sana. Akamwita fundi, mambo yakapigwa chini, kamba zikavutwa, na msingi ukaanza kuchimbwa.

Siku ya pili fundi alinijia na mita yake mkononi. Akaniuliza, "Mwanangu, huo mlango utafungukia wapi?" Nikamwonyesha karatasi. Akasema, "Karatasi nimeiona. Njoo uone chini." Akaweka miti miwili mahali pa vitanda, na kweli njia iliyobaki katikati ilikuwa ya sentimita 75. Mlango wa 80 ungegonga kitanda, maana chumba kilikuwa kifupi na vitanda vilikaribia kuufikia ukuta wa mlango.

Sasa tutazame hesabu, maana somo lote li hapa. Programu hii, usipoiambia neno, huchora kila ukuta kwa unene wa sentimita 7.5. Ukuta wa namna hiyo kwetu hakuna. Ukuta wa mjomba, pamoja na plasta, ni sentimita 30. Vyumba viwili vina kuta tatu zikatazo upana: mbili za nje na mmoja wa kati. Katika karatasi yangu kuta tatu zilikula sentimita 22.5, zikabaki 577.5, yaani karibu 289 kwa kila chumba. Ukiondoa vitanda, njia ni sentimita 109. Katika ardhi kuta tatu zinakula sentimita 90, zinabaki 510, yaani 255 kwa kila chumba, na njia ni 75. Kompyuta haikukosa hata kidogo. Iliulizwa juu ya nyumba ya kuta nyembamba, ikajibu juu ya nyumba ya kuta nyembamba.

Dawa yake ni kutaja unene kabla ya kuchora ukuta wa kwanza. Fungua mapendeleo ya programu, tafuta unene wa kuta mpya, andika kipimo cha tofali lako na plasta yake. Na kama umekwisha kuchora, chagua kuta zote pamoja, fungua dirisha la kurekebisha kuta, uandike unene mpya mara moja. Lakini hapo pana mtego wa pili. Ukuta katika programu hii ni mstari ulionenepeshwa pande zote mbili sawasawa. Ukiuongeza unene, nusu huenda ndani na nusu hutoka nje. Mimi niliporekebisha unene, vyumba havikupungua kadiri nilivyotazamia, nami nikashangilia, kumbe nyumba ilikuwa imetoka nje ya mpaka na upana wake umekuwa sentimita 622.5! Kwa hiyo ukiisha kubadili unene, pima tena kutoka nje hata nje kwa chombo cha kuandikia vipimo, kisha usogeze kuta za nje zirudi mahali pake.

Jambo la namna hiyo hiyo hutokea kwa wale wanaopiga picha ramani iliyochorwa kwa mkono, wakaiweka chini ya mchoro ili waifuatishe. Programu itakuomba ulaze mstari juu ya urefu unaoujua na kuutajia kipimo chake. Wengi hulaza mstari juu ya mlango, kwa kuwa mlango wanaujua. Kosa la milimita moja juu ya mlango huzidishwa mara kumi likifika upande mrefu wa nyumba. Laza mstari juu ya urefu mkubwa kuliko wote. Na picha yenyewe uipige ukiwa wima juu ya karatasi. Ukiipiga kwa upande, ncha ya mbali husinyaa, na hapana kipimo kitakachoiponya.

Kosa ambalo wenzangu huniuliza kuliko yote ni hili: "Nabonyeza mara mbili ndani ya chumba, sakafu haiji." Sakafu haiji kwa sababu kuta zako hazikugusana. Kwa macho zaonekana zimekutana, lakini ukiikuza pembe hiyo mara nyingi utaona upenyo. Anza ukuta mpya juu ya ncha yenyewe ya ukuta wa kwanza, na zitaungana. Tena wako wanaolalamika kwamba ukuta wao unakataa kulala mshazari kama kiwanja chao kilivyo, unajivuta wenyewe. Hiyo ni ile nguvu ya sumaku ya programu, ipendayo pembe za nyuzi 15 na mafungu yake. Katika kompyuta ya Windows ishike kwa kitufe cha Alt wakati wa kuchora, nayo itakuachia.

Niliporudi nyumbani jioni ile ya fundi nilikuwa nimeona haya nyingi. Kesho yake nilikwenda mjini Muyinga kuitazama maktaba ambayo tangu utoto nilikuwa nikiipita tu bila kuitia maanani. Ilichorwa na wachoraji majengo wa Ubelgiji, BC architects, ikamalizika mwaka 2012, ikiambatana na shule ya watoto viziwi. Kuta zake ni matofali ya udongo ulioshindiliwa kwa mashine, yasiyochomwa. Paa limeshikwa na miti ya mikaratusi na kuezekwa kwa vigae vya udongo uliochomwa, na ndani yake pana wavu mkubwa wa kamba za katani ambamo watoto hulala wakisoma. Nguzo zake zimepangwa karibu karibu, kila baada ya meta 1.30, na ukiziona utadhani zimewekwa kwa urembo. Sivyo. Vigae vya hapa ni vizito kuliko mabati, kwa hiyo paa lilitaka nguzo nyingi, na nguzo hizo hizo zinazitegemeza kuta ndefu zisianguke. Wachoraji wale walianza na uzito wa kigae na ukubwa wa tofali, ndipo ukatokea mchoro. Mimi nilianza na mashuka ya buluu.

Paa la maktaba hiyo lina mteremko wa asilimia 35, na kingo zake zimetokeza nje ili mvua isipige matofali yasiyochomwa. Nalitaja kwa sababu ya kosa jingine. Asilimia 35 si nyuzi 35. Asilimia 35 ni kupanda sentimita 35 kwa kila meta moja ya kwenda mbele, nayo ni pembe ya nyuzi 19 na kitu. Paa la nyuzi 35 hupanda sentimita 70 kwa meta, yaani mara mbili, na vigae na miti vitakavyohitajika si vile ulivyonunua. Katika Sweet Home 3D ukuta unaofuata mteremko wa paa hutajiwa urefu wa kwenda juu katika ncha zake mbili. Mathalani ukuta una urefu wa meta 4 na ncha yake ya chini ina kimo cha sentimita 250: kwa mteremko wa asilimia 35 ncha ya juu itakuwa 250 na 140, yaani sentimita 390. Fanya hesabu hiyo kwa kalamu kwanza.

Juu ya jua nitasema kwa ufupi, ingawa mimi binafsi ndilo jambo linipendezalo zaidi. Programu ina dira, na ndani ya dira pana mahali pa kuandika latitudo na longitudo. Kama saa ya kompyuta yako imewekwa kwa majira ya Paris, huenda dira nayo ikadhani unajenga Paris, ambako jua la adhuhuri liko kusini mwaka mzima. Gitega iko karibu nyuzi 3 na nusu kusini ya ikweta, na Muyinga karibu nyuzi 3. Kwetu jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini tangu katikati ya Machi hata mwanzo wa Oktoba, kisha huhamia kusini miezi iliyobaki. Mtu aliyeweka baraza yake kwa kuiamini dira ya Paris atakaa juani kiangazi chote. Andika mahali pako, geuza mshale wa kaskazini kama kiwanja kilivyo, kisha utengeneze picha ya nyumba kwa mwezi na saa uitakayo. Kumbuka tu kwamba mwezi na saa havitumiki ila ukichagua zile daraja mbili za juu za ubora wa picha, ambazo huchukua muda mrefu. Sisi huiacha kompyuta ikifanya kazi hiyo wakati wa chakula.

Ikiwa upande wa nyumba iliyosimama umekuwa mweusi au mtupu, kosa mara nyingi si la mchoro wako bali ni la programu ndogo inayoendesha kadi ya picha ya kompyuta. Tafuta toleo lake jipya. Hata lisipopatikana, ramani bapa yaendelea kuchoreka na kuchapwa, na fundi haitaki nyingine. Na kwa kuwa umeme hukatika, washa ile kazi ya kujihifadhi kila baada ya dakika chache, tena uweke nakala ya faili katika kijiti cha kumbukumbu. Aliyepoteza kazi ya saa tatu mara moja hahitaji kuambiwa mara ya pili.

Turudi kwa mjomba. Msingi wa nje haukuguswa, kwa maana upana wa meta 6 ulikuwa sahihi. Fundi alikubali ukuta wa kati ujengwe kwa tofali lililolazwa kwa upande wake mwembamba, sentimita 16 pamoja na plasta, kwa kuwa paa la nyumba ile linabebwa na kuta nyingine. Kila chumba kikapata sentimita 262, na njia ya kati 82. Mlango tuliugeuza ufungukie sebuleni. Mjomba hakunigombeza, ila kwa siku mbili alikuwa akiniita "bwana mashuka" mbele ya watu. Haraka yake ilikuwa mvua ya Septemba: matofali yake yalikuwa bado uwanjani, na ya udongo mbichi hayangoji.

Ramani iliyorekebishwa niliipeleka kuchapwa mjini, kwa kipimo cha 1 kwa 50. Safari hii nilikuwa nimechora pembeni mstari wa meta 5, ambao katika karatasi lazima uwe sentimita 10 kamili. Karatasi ilipotoka niliupima kwa rula yangu ya shule pale pale dukani: sentimita 9.6. Mashine ya kuchapa ilikuwa imeambiwa ilinganishe mchoro na ukubwa wa karatasi, ikaupunguza wote. Fundi angeiwekea rula karatasi ile, nyumba ya meta 6 ingesomeka meta 5 na sentimita 76. Nikamwomba kijana wa duka achague ukubwa halisi, asilimia 100, akachapa tena, nikalipa karatasi mbili. Fundi alipopokea ya pili hakutazama vyumba. Alitoa mita yake, akaupima kwanza ule mstari wa pembeni, kisha akaikunja karatasi na kuitia mfukoni.