PRESHA YA MACHO: FUNZO KUTOKA MOSHI

Glakoma, ambayo aghalabu hutokana na presha ya jicho kupanda, huharibu mshipa wa fahamu wa jicho polepole bila maumivu, na nuru iliyopotea hairudi. Katika utafiti ulioanza mwaka 2015 kwenye Hospitali ya KCMC, Moshi, wagonjwa 201 waligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi walipewa matone ya timololi, wengine tiba ya leza. Baada ya mwaka mmoja, leza ilifanikiwa katika macho 61 kwa kila 100, matone, 31. Kwa mkaazi wa milima ya Uluguru, anayeteremka Morogoro mjini kila matone yamalizikapo, tofauti hiyo si ndogo. Wananchi waliotimiza miaka 40, hususan wenye jamaa aliyeugua glakoma, wanahimizwa kupimwa mapema. Atumiaye matone asiyaache bila ya shauri la daktari.