Namna ya kuitazama sura ya Rembrandt iliyochorwa kwa tindikali

Anza na sahihi, usianze na macho. Katika chapa ya mwaka 1629, Rembrandt alipojichora akiwa kijana mjini Leiden, herufi RHL na tarakimu za mwaka zimegeuka, kama maandishi unayoyaona ndani ya kioo. Aliziandika sawasawa juu ya bamba la shaba, na karatasi iliposhindiliwa juu yake kila kitu kikageuka. Mimi chapa hii naipenda kwa ajili ya kosa hilo. Zimebaki nakala mbili tu: moja iko Rijksmuseum, Amsterdam, nyingine British Museum, London. Picha zake zimo kwenye tovuti za makumbusho hayo, nawe unaweza kuzikuza upendavyo.

Sasa rudi usoni. Alijichora akijitazama kwenye kioo, na kioo humbadilishia mtu upande. Karatasi ikambadilisha tena. Kwa hiyo uso huu ndio walioujua majirani zake, si ule alioujua yeye mwenyewe.

Halafu kaa kwenye nywele, na usiwe na haraka. Bamba hupakwa nta, mchoraji akaikwaruza kwa sindano mpaka shaba ionekane, kisha tindikali ikala pale palipokwaruzwa tu. Mkono hauhitaji nguvu. Ncha huteleza kwenye nta kama kalamu. Ndiyo maana nywele hizi zimetimka ovyo, na begani mistari inakwenda miwilimiwili sambamba, kana kwamba kifaa chake kilikuwa na ncha mbili. Ifuate mmoja mmoja kwa kidole hewani. Utaihisi kasi ya mkono wake.

Alijichora kwa njia hii mara 30 hivi, kwa hiyo huenda siku moja ukauziwa karatasi yenye sura yake. Chukua lenzi kwanza. Ukiona vitone vilivyopangwa safu, hiyo ni picha ya kiwandani, iache. Wino wa chapa halisi huinuka kidogo juu ya karatasi, na pembezoni bamba huacha mbonyeo. Kisha iinue kwenye mwanga kama unavyokagua noti: karatasi ya Ulaya ya enzi yake huonyesha mistari ya waya wa chekeche iliyotengenezewa. Karatasi laini isiyo na mistari hiyo ilianza Ulaya katika miaka ya 1750, na Rembrandt alifariki 1669.

Lakini hata mbonyeo hudanganya. Amand-Durand wa Paris, katika karne ya 19, alitengeneza mabamba mapya kwa msaada wa kamera, na chapa zake zina wino ulioinuka na mbonyeo vilevile. Nyingi alizigonga muhuri mwekundu kwa nyuma. Kwa hiyo, kama karatasi imegundishwa ndani ya fremu na muuzaji hataki uitoe uione mgongo, usitoe hela.