Diski au Waya?

SWALI: Kompyuta yangu hukwama kila nifunguapo mafaili, na fundi asema diski imekufa. Nitajuaje kama kasoro haimo katika kidhibiti chake?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya jaribio lolote nakuusia unakili kwanza mafaili yako muhimu mahali pengine, kwa maana jaribio refu huisoma diski nzima, na iliyo dhaifu yaweza kufa katikati ya kazi. Kisha tumia programu ya smartctl, ambayo huanzisha jaribio hilo na pia husoma taarifa ambazo diski hujiwekea yenyewe katika mfumo uitwao SMART. Katika diski nyingi za SATA, nambari ya 5 huonyesha sekta zilizobadilishwa, na ya 197 zile zilizokataa kusomeka. Hizi zikizidi siku baada ya siku, maradhi yamo katika diski, wala hapana dawa ila kununua nyingine. Lakini nambari ya 199 huhesabu data iliyoharibika njiani, baina ya diski na kidhibiti, na aghalabu sababu yake ni waya hafifu, kitu cha thamani ndogo mno. Hesabu hiyo hairudi sifuri hata waya ubadilishwapo. La kutazama ni kama imekoma kupanda. Na kwa kuwa jaribio refu hufanywa ndani ya diski, bila data kupita katika waya, diski ikifaulu humo ilhali 199 yaendelea kupanda hata baada ya kubadilisha waya, ihamishie kwenye kompyuta nyingine pamoja na waya huo mpya: kosa likitoweka, mkosa ni kidhibiti. Tafadhali usikubali itupwe kabla ya hapo.