Kumbukumbu za Ofisi ya Taaluma: Chuo Kikuu Hukumbukaje?

Upande wa mashariki wa mji wa Dodoma, juu ya vilima vya Chimwaga, yanaonekana majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma. Chuo hiki kilianza mwaka 2007, na mwanzo wake ulikuwa katika ukumbi wa Chimwaga, ambamo zamani Chama kilifanya mikutano yake mikuu. Kila mmoja wetu ameyaona majengo hayo. Lakini chuo si majengo. Walimu hustaafu, wanafunzi huhitimu wakaenda zao, na kuta hupakwa rangi mpya. Je, ni kitu gani basi kikifanyacho chuo cha leo kuwa kile kile cha mwaka 2007? Ni kumbukumbu zake, hasa zile zitunzwazo na ofisi kuu ya taaluma. Katika somo hili tutazitazama.

Kumbukumbu zenyewe

Katika chuo kikuu mambo ya fedha, mali na watumishi huamuliwa na Baraza. Mambo ya masomo huamuliwa na Seneti, yaani mkutano wa wakuu wa taaluma chini ya Makamu Mkuu wa Chuo. Ofisi ya taaluma ndiyo iandikayo na kutunza kazi ya Seneti. Kumbukumbu zake kubwa ni nne.

Kwanza, daftari la wanafunzi na majalada yao: nani aliingia, lini, na kwa vyeti gani.
Pili, mitaala na kanuni za masomo za kila mwaka.
Tatu, matokeo ya mitihani.
Nne, kumbukumbu za mikutano ya Seneti na kamati zake.

Mtu aweza kudhani kwamba matokeo peke yake yatosha. Sivyo. Alama 62 haina maana mpaka tujue mwaka ule somo lile lilifundisha nini, na alama ya kufaulu ilikuwa ngapi. Hayo yamo katika mitaala na kanuni. Tena, kanuni ikibadilishwa, sababu yake haimo katika kanuni yenyewe, bali katika kumbukumbu za mkutano ulioibadilisha. Kwa hiyo kumbukumbu hizi nne hutegemeana kama mafiga chini ya chungu.

Maisha ya jalada

Jalada nalo lina umri. Likiwa linatumika kila siku hukaa masjala, na huitwa kumbukumbu hai. Matumizi yakipungua huwa kumbukumbu tuli, nalo huhamishiwa ghalani. Hapa Dodoma kiko Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu, kitunzacho kumbukumbu tuli za ofisi za Serikali. Mwisho, majalada machache yenye thamani ya kudumu huchaguliwa kuwa nyaraka, na mengine huharibiwa kwa idhini. Kazi hii huongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002, ambayo kwa kawaida hufungua nyaraka za umma kwa wasomaji baada ya miaka 30. Hesabuni wenyewe: karatasi za mwaka 2007 zitatimiza umri huo mwaka 2037. Ninyi msomao leo ndio mtakaozifungua.

Chuo kimoja, majina matatu

Tuone sasa faida ya kazi hii kwa mfano wa kweli. Tarehe 25 Oktoba 1961 chuo kikuu cha kwanza cha nchi yetu kilifunguliwa Dar es Salaam, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiozidi 15. Nacho kilikuwa chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na vyuo vya Makerere na Nairobi. Tarehe 1 Julai 1970 kikasimama peke yake kwa jina la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Basi mtu aliyehitimu mwaka 1968 ana shahada ya chuo kikuu ambacho hakipo tena. Akiulizwa na mwajiri, nani atamshuhudia? Chuo kimevunjwa, na wengi wa walimu wake wamefariki. Shahidi wake ni daftari lililotunzwa.

Tena, tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana mpaka Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Rais Nyerere akawafukuza karibu 400. Baadaye wengi walirudishwa. Msemaji barabarani aweza kulisimulia jambo hili atakavyo. Lakini ofisi ya taaluma haina budi kujua kwa hakika nani alitoka, nani alirudi, na alirudi kuendelea na mwaka gani wa masomo. Kosa la mstari mmoja hapo lingempotezea mtu mwaka wa maisha yake.

Maadui wa karatasi

Pwani adui mkubwa wa karatasi ni unyevu, uletao ukungu. Uwanda wetu wa kati, ulio karibu mita 1,100 juu ya bahari, una hewa kavu kwa miezi mingi, na hilo ni jema. Lakini tuna mchwa na vumbi. Majalada yasiwekwe sakafuni wala kuegemezwa ukutani. Kompyuta nayo ina maadui wake: chombo huharibika, na programu huzeeka. Nakala moja pekee, iwe ya karatasi au ya kompyuta, si hazina ya kutumainiwa.

Jina lako

Lakini adui mwingine hana meno. Tuseme kijana wa Mvumi aitwa Chilewa. Karani wa kwanza aandika Chilewa. Wa pili aandika Cilewa, kama wengi waandikavyo Kigogo. Wa tatu aandika Kilewa, akidhani anasahihisha Kiswahili. Nyumbani ni mtu mmoja. Katika karatasi ni watu watatu. Siku atakapoomba chuo, ofisi ya taaluma haitakuwa na njia ya kumjua ila kwa karatasi hizo. Karani wa masjala hamjui mama yake.

Kwa hiyo, wanafunzi, kumbukumbu za chuo kikuu haziandikwi kwanza Chimwaga. Huanza hapa, katika daftari la mahudhurio la darasa lako. Nanyi wazazi, someni jina la mtoto katika kila fomu kabla ya kutia sahihi.

Mazoezi

1. Linganisha jina lako katika cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule ya msingi na daftari la shule. Je, herufi zote ni zile zile? Kama sivyo, mwone mwalimu wa taaluma muhula huu.
2. Eleza tofauti ya kumbukumbu hai, kumbukumbu tuli na nyaraka.
3. Kwa nini matokeo ya mtihani hayatoshi bila mtaala wa mwaka ule?