Akikosa neno ‘piga’, mkimbize hospitali

Tuseme uko nyumbani Mji wa Kale, Mombasa, karibu na Ndia Kuu. Babako, aliyezungumza vizuri asubuhi, anataka kukwambia kuwa alimpigia mjomba simu. Yanayomtoka ni: “Mjomba... simu... mimi.” Usicheke, wala usimwambie akalale.

Kiswahili kina vitenzi vya maneno mawili: piga simu, piga pasi, piga hodi. Hapo hakuna anayechapwa. Akili huyaweka maneno hayo pamoja, yakiwa na maana moja. Lakini kuyatamka ni kazi nyingine. “Simu” haibadiliki, “piga” ndilo hubeba mtenda, wakati na mtendewa: a-li-m-pig-i-a. Vipande sita hupangwa kufumba na kufumbua.

Kwa watu wengi, kazi hiyo hutegemea upande wa kushoto wa ubongo. Mwaka 1861, mjini Paris, daktari Paul Broca alichunguza ubongo wa marehemu ambaye karibu neno lake pekee lilikuwa “tan”. Alikuta jeraha sehemu ya mbele, kushoto. Sehemu hiyo ikikosa damu, majina ya vitu huweza kubaki huku vitenzi vikimponyoka mgonjwa. Hali hii huitwa afasia. Si wazimu wala mashetani. Mara nyingi mgonjwa anaelewa mengi unayomwambia.

UFANYE NINI?

Tazama uso: umepinda? Mwambie ainue mikono yote miwili: mmoja unashuka? Mwambie arudie sentensi fupi. Dalili moja iliyozuka ghafla yatosha kushuku kiharusi.

Kumbuka saa ilipoanza. Kama nyumba iko kichochoroni, mbebeni hadi Ndia Kuu gari linakofika, mwende hospitali yenye mashine ya kupiga picha ya ubongo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu, baada ya kuhakikisha hakuna mshipa uliopasuka. Kwa hiyo usimpe aspirini, wala chakula au maji, asije akapaliwa.

Akirudi nyumbani, zungumza naye polepole, umpe nafasi, usimkatize. Wengine hushindwa kuunda sentensi lakini huweza kuhesabu, kuimba au kusoma dua waliyoizoea. Anzieni hapo.

Nawe je, presha yako umeipima lini? Shinikizo la damu ndilo chanzo kikubwa cha kiharusi, na mara nyingi halibishi hodi.