Dawa za Antibiotiki: Kila Mlango kwa Ufunguo Wake

Watu wengi, wa mjini na wa mashamba, wapatwapo na kikohozi au homa isiyopoa, huenda kwa muuza dawa wakasema, "Nipe dawa kali." Wakipewa vidonge vichache vya rangi mbili, hurudi nyumbani wameridhika. Lakini katika jambo hili hakuna dawa kali wala dawa dhaifu. Iko dawa ifaayo na dawa isiyofaa. Ile iponyayo kichomi yaweza isisaidie kitu katika kuhara damu. Yafaa basi kila mtu ajue kazi ya dawa hizi, kwa maana kosa moja laweza kugharimu maisha ya mtoto.

Antibiotiki ni dawa ziuazo bakteria, au ziwazuiazo wasizaane. Bakteria ni vijidudu visivyoonekana ila kwa hadubini. Mafua, surua na homa ya mafua huletwa na virusi, ambao si bakteria, na hakuna antibiotiki iwezayo kuwaua. Malaria nayo huletwa na kijidudu cha namna nyingine, nayo ina dawa zake. Mwenye malaria anywaye antibiotiki badala ya dawa ya malaria hupoteza siku ambazo zingeweza kumwokoa.

Dawa ya kwanza ya ukoo huu kujulikana sana ni penisilini. Mwaka 1928, katika Hospitali ya St Mary's, London, Bwana Alexander Fleming aliona kwamba ukungu ulioota katika sahani yake ulikuwa umewaua bakteria waliokuwa karibu nao. Baadaye Bwana Howard Florey na Bwana Ernst Chain, pamoja na wenzao wa Oxford, waliisafisha dawa hiyo, na mwaka 1941 ikaanza kujaribiwa kwa wagonjwa. Tangu hapo zimepatikana nyingi nyingine, nazo zimegawanyika katika jamaa mbalimbali.

Jamaa ya kwanza ni penisilini zenyewe. Bakteria wengi huzungukwa na ukuta, na penisilini huwazuia wasiujenge, hata wakapasuka. Chembe za mwili wa mwanadamu hazina ukuta wa namna hiyo, ndiyo sababu mgonjwa hadhuriki. Penisilini hutibu kaswende na madonda ya koo yaletwayo na bakteria. Ndugu yake, amoksilini, ndiyo dawa ya kwanza kwa mtoto mwenye kichomi. Hata hivyo, wako watu wachache ambao miili yao huikataa penisilini, wakavimba uso au kushindwa kupumua. Mtu wa namna hiyo hana budi kumwarifu daktari kabla ya kutibiwa.

Jamaa ya pili, sefalosporini, ni kama binamu wa penisilini, nazo pia hushambulia ukuta. Mojawapo, seftriaksoni, hudungwa kwa sindano wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo. Hutumika pia kwa kisonono, ambacho zamani kilipona kwa penisilini lakini sasa kimeizoea.

Jamaa ya tatu ni ya streptomaisini na jentamaisini. Dawa hizi zikimezwa hazipenyi vema kutoka tumboni kwenda katika damu. Kwa hiyo hudungwa. Mtoto mchanga ambaye bakteria wameingia katika damu yake hupewa jentamaisini pamoja na dawa ya jamaa ya penisilini. Kipimo chake hupimwa kwa uangalifu, kwani dawa hizi zaweza kudhuru figo na masikio.

Jamaa ya nne ni tetrasaiklini. Mmoja wao, doksisaiklini, husaidia katika kipindupindu kikali, ingawa tiba ya kwanza ya kipindupindu ni kumrudishia mgonjwa maji na chumvi alizopoteza. Pia hutumika, pamoja na dawa nyingine, kwa muda wa majuma sita, kutibu brusela, maradhi yawapatayo wanywao maziwa mabichi. Tetrasaiklini huweza kuyatia rangi meno ya mtoto yanayokua. Kwa hiyo wenye mimba na watoto wadogo hawapewi ila kwa shauri la daktari.

Jamaa ya tano ni ya erithromaisini na azithromaisini, zifaazo kwa kifaduro, kwa trakoma ipofuayo macho, na kwa baadhi ya watu wasioweza kupewa penisilini. Ya sita ni ya siprofloksasini, itumikayo kwa kuhara damu kuletwako na bakteria. Ilitumika sana kwa homa ya matumbo pia, lakini katika nchi nyingi bakteria wa homa hiyo wamekwisha kuizoea. Iko tena metronidazoli, iwauayo bakteria waishio pasipo hewa, kama wale wa jipu la jino, na pia amiba wa tumboni.

Jambo hili la bakteria kuizoea dawa ndilo la hatari kuu. Bwana Fleming mwenyewe, alipokuwa Stockholm mwaka 1945 kupokea Tuzo ya Nobel, alionya kwamba mtu ajitibuye kwa penisilini haba atawafundisha bakteria kuistahimili. Haikuchukua muda onyo hilo kuonekana kweli. Streptomaisini, iliyopatikana Marekani mwaka 1943, ilikuwa antibiotiki ya kwanza kushinda bakteria wa kifua kikuu. Lakini majaribio ya Uingereza, yaliyotangazwa mwaka 1948, yalionyesha kuwa wagonjwa waliopewa hiyo peke yake walipata nafuu kwanza, kisha wengi wao bakteria wakaizoea. Ndiyo sababu leo kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne. Bakteria aponyokaye dawa moja hukutwa na nyingine.